Kifungu cha Tano na Visima vya Mchangani

Mwanasheria wa halmashauri niliyoitumikia aliniomba niandike jinsi tulivyokuwa tukitunga sheria ndogo, ili nyinyi mnaoingia ofisini sasa msianzie pale nilipoanzia mimi. Nimekubali. Sitaandika nilipandishwa daraja lini wala nililipwa nini. Hayo yamo kwenye jalada langu masijala, na mwenye hamu aliombe, kama litapatikana. Jina la halmashauri nimeliacha, la kijiji pia, na majina ya watu nimeyabadilisha. Yatosha kujua kwamba ni mkoa wa Simiyu, kwenye mto ambao miezi mingi ya mwaka ni mchanga mtupu.

Nilizaliwa Dutwa kwa wazazi wakulima wa pamba. Niliishia kidato cha nne. Nilianza kazi nikiwa karani wa masijala, tukiwa bado chini ya Shinyanga, kabla mkoa wetu haujaundwa. Mkuu wa masijala alikuwa mzee mmoja mfupi, Mzee Luhende, aliyefunga shati hadi kifungo cha juu hata wakati wa joto la Oktoba. Siku ya kwanza alinipa majalada matano niyapeleke kwa wakuu wa idara. Niliporudi akaniuliza, "Umebeba nini?"

"Majalada, mzee."

"Majalada ya nini?"

Sikujua.

"Basi wewe ni baiskeli," akasema. "Baiskeli nayo inabeba, haiulizi."

Kuanzia siku hiyo nilisoma kila nilichobeba. Nilisoma nikitembea, nikisimama mlangoni nikisubiri mkuu amalize kuzungumza na simu. Nilinunua kaunta buku, nikawa nanakili sheria kwa mkono, kifungu baada ya kifungu, kwa sababu niligundua kwamba jicho linaruka maneno ila mkono hauruki. Ndiyo shule yangu ya sheria. Sina nyingine. Mzee Luhende alikuwa akipita nyuma yangu na kuweka kidole kwenye neno "isipokuwa" kila lilipotokea. "Hapo," alisema, "soma polepole. Watu wengi wanaishi hapo."

Vifaa vyetu vilikuwa mashine ya chapa yenye herufi moja iliyokwama, karatasi za stensili, na mashine ya kurudufu iliyotema wino kwenye mashati. Mwanasheria alikuwa mmoja na muda mwingi yuko mahakamani, kwa hiyo taratibu nikawa mtu wa kuandaa rasimu za mwanzo. Utaratibu ulikuwa huu: rasimu ikishachapwa, tangazo linabandikwa kwenye ubao wa halmashauri, siku za tangazo zinapita, mimi nachapa sentensi moja, "Hakuna maoni yaliyopokelewa," kisha rasimu inakwenda kwa madiwani. Sentensi hiyo niliichapa mara nyingi hadi vidole vikaijua bila macho.

Siku moja nilimwambia Mzee Luhende kwamba wananchi wetu ni waelewa, hawapingi kitu.

"Ubao uko wapi?" akauliza.

"Ndani ya geti."

"Na mlinzi anawauliza nini wakiingia?"

"Anawauliza wanakwenda kwa nani."

"Haya. Nani atasema nimekuja kuonana na ubao?"

Nilicheka. Sikufanya lolote. Mzee Luhende alistaafu, akarudi kwao Meatu kwenye mbuzi wake, na mimi niliendelea kuchapa sentensi ile ile, sasa kwa kompyuta.

Ninakuja kwenye kazi ninayotaka muielewe.

Ujenzi ulipopamba moto Bariadi, na kule Lamadi kando ya barabara kuu, mchanga ukawa mali. Malori ya tipa yalianza kuingia kwenye mito iliyokauka. Yaliingia hadi katikati ya mto, vijana wakajaza kwa makoleo, kingo zikaporomoka, daraja moja la barabara ya kijiji likabaki linaning'inia. Madiwani walikuja juu, na walikuwa na haki. Mwanasheria wetu wakati huo alikuwa Anselmi, kijana mwenye shahada, mwaminifu, na mwenye kesi nyingi kuliko viatu. Akaniambia, "Mzee wangu, nataka rasimu ndani ya wiki."

Nilifanya kile ambacho ofisi nyingi hufanya. Nilitafuta sheria ya halmashauri nyingine, mkoa mwingine, nikaigeuza jina. Kule mto wao unatiririka mwaka mzima. Kifungu cha tano kilisema ni marufuku kwa mtu yeyote kuchimba, kufukua au kuondoa mchanga ndani ya mto au ndani ya mita sitini kutoka ukingoni. Mimi nikaongeza kwa ufundi wangu: "kwa namna yoyote na kwa kifaa chochote." Niliona nimeziba kila tundu. Nakiri kwamba nilijipongeza.

Tulikwenda kijijini na gari ya halmashauri. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Maduhu, alikuwa ameshakusanya watu kwenye uwanja wa shule. Wanaume walikaa mbele kwenye madawati, wanawake nyuma na pembeni, chini. Nilisoma rasimu yote kwa Kiswahili cha ofisini. Ilikuwa na jalada la plastiki na nembo ya halmashauri. Nikauliza kama kuna swali. Mzee mmoja aliuliza kama karatasi hiyo tayari ina mhuri. Nikasema mhuri utakuja. Akasema sawa. Tukaomba wanaokubali wanyooshe mikono, mikono ikanyooka. Niliandika kwenye muhtasari: "Wananchi waliridhia kwa kauli moja." Mzee Maduhu akatia sahihi. Kikao hakikufika saa nzima, na njiani kurudi nilimwambia dereva kwamba kile ni kijiji cha mfano.

Sheria ilipita kwa madiwani, ikapanda ngazi zake zote, ikatangazwa kwenye Gazeti la Serikali. Nakala zikapelekwa kwa watendaji wa kata, nao wakawapa mgambo. Kiangazi kikaingia.

Wenye matipa wana simu. Wakisikia mgambo yuko upande huu, wanashukia upande wa pili. Mgambo naye ana miguu miwili na anatakiwa kupeleka taarifa. Kwa hiyo alikamata waliokuwa hawakimbii.

Asubuhi moja, ofisini kwangu aliingia mwanamke wa miaka thelathini na kitu, ameshika hati ya kuitwa mahakamani iliyokunjwa mara nne. Alipiga goti kidogo kama ilivyo kwetu, tukaamkiana kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, bhabha."

"Mwangaluka, mayu. Karibu ukae."

Hakukaa. "Wewe ndiye mwenye sheria ya mto?"

"Sheria ni ya halmashauri."

"Sikuulizi ya nani. Nimeambiwa kuna mtu aliyeiandika. Ndiye wewe?"

"Niliiandika mimi."

Akaniangalia. "Kwenu ni wapi?"

"Dutwa."

"Dutwa. Mama yako kiangazi alichota wapi maji?"

Jibu nililijua. Mama yangu alichota mtoni, mchangani. Alichimba kwa jembe hadi kiunoni, akangoja maji yakusanyike chini, akayateka kwa kibuyu, akajaza ndoo polepole ili yasichafuke. Nilikunywa maji hayo hadi nilipokwenda sekondari. Lakini nilipokaa mezani na kuandika neno "mto," nilikuwa naona mto wa ile halmashauri niliyonakili.

"Mchangani," nikasema.

"Alikamatwa?"

Jina lake lilikuwa Minza. Mgambo alimkuta ndani ya shimo lake, akachukua jembe kama kielelezo na kumwandikia kosa la kuchimba ndani ya mto. Kisima cha pampu cha kijiji kilikuwa kimeharibika tangu mwaka uliotangulia. Nyumbani kwake kulikuwa na watoto, mama mkwe asiyetoka kitandani, na ndama wawili. Kesi ilikuwa mahakama ya mwanzo, baada ya wiki sita.

"Basi niandikie kibali," akasema.

"Sheria haina kibali, mayu. Imekataza wote."

"Kwa hiyo tunywe nini? Karatasi?"

Nilimuuliza swali ambalo leo naona aibu kulikumbuka. Nilimuuliza kwa nini hakusema kwenye mkutano.

"Kwenye kiti alikuwa nani?"

"Mzee Maduhu."

"Ni baba mkwe wangu. Ulitaka nisimame mbele ya baba mkwe, mbele ya wanaume wote, nibishe karatasi aliyoileta yeye?" Akatikisa kichwa. "Halafu nyie mlikuja ikiwa imeshaandikwa. Ina jalada. Kitu chenye jalada kimekwisha. Tuliona mmekuja kutuaga tu, si kutuuliza."

Nyinyi mnaotoka mbali mnapaswa kuelewa hapa. Kwetu mke wa mtoto hamkaribii baba mkwe, hampi mkono, hakai naye mahali pamoja, na kusema hadharani mbele yake ni kumvunjia heshima. Baba mkwe naye anabanwa vivyo hivyo. Wachimbaji wote wa visima vya mchangani ni wanawake, na karibu kila mmoja wao alikuwa na baba mkwe kwenye yale madawati ya mbele. Niliwahesabu kama waliokubali. Mimi ni Msukuma. Mtu wa kuja angeweza kusema hakujua.

Nilikwenda kwa Anselmi nikamweleza. Alivua miwani.

"Mzee wangu, imeshatangazwa. Mgambo atumie busara."

"Mgambo hakupewa busara. Alipewa nakala."

Alicheka, kisha akavaa tena miwani. "Sawa. Lakini nikiandika kwamba visima vinaruhusiwa, kesho kila mwenye tipa atasema anachimba kisima. Nitawatenganishaje mahakamani? Kwa kina? Kwa upana? Kwa jembe na koleo? Nipe mstari wa kuwatenganisha, nitaupeleka kwa madiwani. Na madiwani hawatagusa sheria waliyoipitisha juzi bila muhtasari mpya wa mkutano wa kijiji. Wakiazimia kurekebisha, nitaandika barua ya kuiondoa kesi. Wasipoazimia, sina mamlaka ya kumtoa mtu mmoja kwa sababu umemhurumia."

Alikuwa sahihi kwa kila neno, na ndiyo maana alinikera. Tulikuwa na wiki sita.

Niliamua kwamba sitaandika rasimu yoyote. Asubuhi iliyofuata nilipanda basi, kisha bodaboda, nikafika mtoni jua likichomoza, bila karatasi, bila gari ya halmashauri. Baba wakwe hawaendi mtoni saa hiyo. Wanawake kama ishirini walikuwa wamepanga ndoo na madumu. Waliponiona waliacha kuteka. Nilisalimia, nikakaa kwenye ukingo kama mtu anayesubiri basi.

Alikuwepo bibi mmoja, Mbuke, aliyezaa na kuzika katika kijiji hicho na asiyekuwa na baba mkwe wa kumwonea haya tena. Akasema kwa sauti ya kusikika ng'ambo, "Huyu mgambo amekuja kwa suruali ya nyumbani."

"Si mgambo, bibi. Ni mwandishi wa sheria," Minza akamwambia.

"Hee! Ndiye huyu? Mbona mdogo hivi?" Wote wakacheka. "Bhebhe, wewe mwandishi! Mtoni hakuna mgeni wa kukaa. Shika ndoo."

Nikashika ndoo. Siku ya kwanza sikuuliza lolote la maana, nilibeba tu. Siku ya pili niliuliza swali moja: mnachimbaje? Sikuuliza wanaionaje sheria. Mtu ukimuuliza anaionaje sheria, anakupa jibu analodhani umelijia. Ukimuuliza kazi yake inafanywaje, anakusahihisha, na kila sahihisho ni kifungu.

Nilijifunza kwamba visima vya kunywa viko juu ya mto na vya mifugo viko chini, na anayeleta ng'ombe juu anafukuzwa na mtu yeyote, hata mtoto. Kila kisima kinazungushiwa miiba. Aliyechimba ndiye wa kwanza kuteka, ila mpita njia hanyimwi. Mawingu ya masika yakianza kujikusanya, kila mtu anafukia shimo lake, kwa sababu mto ukishuka na maji ya mvua, shimo lililojaa maji halionekani na mtoto anaweza kupotelea humo. Haya yote hayakuandikwa popote, na hakuna aliyeyavunja ninavyojua, tofauti na sheria zangu.

Nikamuuliza Bibi Mbuke, "Mchanga mnaoutoa shimoni mnaupeleka wapi?"

Aliniangalia kama nimemuuliza moshi wa jiko anaupeleka wapi. "Tuupeleke wapi? Unakaa hapo mdomoni. Masika tunaurudisha. Kisima hakiondoi mchanga, kinausogeza tu."

Nilimwomba arudie. Akarudia, akimwonyesha Minza kwa jicho kwamba huyu mtu ni mzito.

Kisha wakanipeleka mahali matipa yalipokuwa yakichota. Mchanga ulikuwa umeisha, umebaki udongo mgumu uliopasuka. Minza alipiga kisigino. "Hapa palikuwa na kisima cha mama mkwe wangu. Maji yanakaa ndani ya mchanga, bhabha. Ukiuchukua mchanga umechukua mtungi." Wanawake hawa waliitaka sheria ya mchanga kuliko diwani yeyote. Sisi tuliitunga tukawashika wao.

Safari ya tatu nilikwenda na Anselmi. Alikuja na viatu vya ngozi, vikajaa mchanga kabla hajasalimia. Lakini nampa haki yake: alivivua, akakunja suruali, akaanza kuuliza kama mwanasheria.

"Bibi, na mtu akichimba kisima, kisha mwingine akaja akazoa ule mchanga wa mdomoni akaenda kuuuza?"

"Huyo si mchotaji. Huyo mkamate."

"Na mtu akichukua ndoo moja ya mchanga kusiriba nyumba yake?"

Wakabishana wenyewe kwa wenyewe kwa Kisukuma, kwa kelele, kwa muda mrefu. Mwishowe Bibi Mbuke akatoa jibu lao: kwa kichwa au kwa baiskeli, kwa nyumba ya hapa hapa kijijini, sawa. Kwa injini, hapana. Kisha akamgeukia Minza. "Kijana huyu ameoa?"

"Nimeoa, bibi," Anselmi akajibu mwenyewe.

"Basi viatu vile vya kanisani umemwachia nani kuvifuta?"

Mstari tuliokuwa tukiutafuta ulikuwa umepatikana pale. Ungeweza kuchimba, mradi mchanga usitoke mtoni. Kosa lingekuwa kuondoa. Nilikaa na vitabu vyangu miaka yote hiyo na nisingeufikia.

Kilichobaki kilikuwa Mzee Maduhu. Bila yeye kuitisha mkutano mkuu wa kijiji, hakuna muhtasari. Nilimfuata nyumbani. Alinipa kigoda, akaagiza nipewe maji, kisha akasikiliza hadi mwisho bila kunikatiza.

"Unataka niandike kwamba muhtasari wangu wa kwanza ni wa uongo?"

"Muhtasari niliuandika mimi, mzee. Wewe ulitia sahihi nilichoandika. Nitasema hivyo mbele ya watu."

"Mke wa mwanangu ana kesi," akasema, "na sahihi yangu iko kwenye sheria iliyomshika. Siwezi kumuuliza, na yeye hawezi kuniambia. Ndani ya boma moja." Aliinuka, akasogeza kikombe changu karibu nami. "Nitaitisha. Lakini safari hii usisome. Kiswahili chako kile cha siku ile mimi mwenyewe sikukielewa. Eleza Kisukuma, ukimaliza ndipo usome."

Ilikuwa wiki ya tano. Mkutano ulijaa kuliko wa kwanza. Sikuja na jalada. Rasimu ilikuwa kwenye kompyuta ya Anselmi, haijachapwa, na niliwaambia hivyo: hii haijakwisha, bado inafutika. Nilianza kwa kusema kosa lilikuwa langu. Nikaeleza Kisukuma: kuondoa mchanga kwa gari mtoni ni kosa, kuchimba kisima cha maji si kosa, kisima kizungushiwe miiba, mchanga wake ubaki mtoni, kifukiwe kabla ya masika, vya kunywa juu, vya mifugo chini. Sikutaja jina la mtu aliyesema lolote.

Mzee yule aliyeuliza habari za mhuri akasimama. "Mwandishi, haya ndiyo tunayofanya siku zote."

"Ndiyo, mzee."

"Sasa mmetoka wilayani na mafuta ya gari kuja kutuambia tunayofanya?"

Watu wakacheka sana, na mimi nikacheka nao. Ndugu zangu, mtakapoambiwa maneno hayo kwenye mkutano, mjue kazi imekaa vizuri.

Kisha nikaona Minza, nyuma, amemwinamia Bibi Mbuke na kumnong'oneza, uso ameugeuza usielekee alipokaa Mzee Maduhu. Bibi Mbuke akasimama kwa shida.

"Kuna mtu hapa anauliza," akasema. "Mmesema wa gari akamatwe. Anauliza, nani? Anayeshika koleo ni vijana wetu wenyewe, wanapewa chakula cha mchana. Dereva katumwa. Mtawafunga hao, na mwenye gari atatuma gari lingine kesho. Anauliza, mwenye gari mmemwandika wapi?"

Nilimwangalia Anselmi. Anselmi alikuwa anapitia kifungu cha saba cha rasimu, cha makosa, anapanda na kushuka. Hatukuwa tumemwandika. Tulikuwa tumeandika "mtu atakayeondoa."

Watu wote walijua nani ameuliza. Mzee Maduhu naye alijua. Hakugeuka. Aliangalia mbele, kwenye mlingoti wa bendera, na kusema kwa sauti ya kiti:

"Mwambieni swali lake limefika. Na mimi kama mwenyekiti nalirudia, ili liandikwe: mwenye gari yuko wapi?"

Anselmi aliandika pale pale, akiwa amesimama, kompyuta juu ya mkono: mmiliki wa gari na aliyelituma watahesabika wametenda kosa sawa na aliyepakia. Alisoma kwa sauti. Bibi Mbuke akainama kusikiliza alichoambiwa, akainuka. "Anasema hivyo sawa." Ndipo tukapiga kura, na safari hii nilihesabu mikono ya nyuma kwanza.

Madiwani waliazimia kurekebisha siku nne kabla ya kesi. Safari ya kupanda ngazi hadi kwenye Gazeti ilichukua muda wake kama kawaida, lakini azimio lilitosha: mgambo waliandikiwa waache visima, na Anselmi akasaini barua ya kuiondoa kesi. Tangu hapo, hadi nilipokabidhi meza yangu, sikukubali tena kuanza rasimu kabla ya kwenda walipo watu wa kazi hiyo, saa wanayoifanya, mikono mitupu. Wakuu wawili waliniambia ninachelewesha. Niliwaonyesha tarehe: sheria ile ya wiki moja ilitugharimu miaka miwili kuirekebisha. Hawakupenda, ila waliacha kunisukuma.

Siku ya kesi nilipeleka barua mimi mwenyewe. Nilikuwa nimempitishia Minza ujumbe kwamba itaondolewa, na kwamba ingefaa awepo. Alinijibu kwa simu ya jirani kwamba maji ya visimani yamepungua sana, foleni ni ya alfajiri hadi mchana, na akija mahakamani nani atachota. Hakimu alikuwa mama mmoja mwenye sauti ya chini. Aliisoma barua yote, akaangalia chumba.

"Mshtakiwa yuko wapi?"

"Yuko mtoni, mheshimiwa."

"Anafanya nini mtoni?"

Niliona hakuna njia ya kulizunguka. "Anachimba, mheshimiwa."

Aliniangalia juu ya miwani yake. Kisha akavuta jalada, akaandika, akagonga mhuri, na kumwambia karani amrudishie mwanamke huyo jembe lake leo hii, asingoje kesho.